Kadi Isiyo na Jina

Shangazi anainua uso, anatazama kamera, anasema kitu.

Halafu ananyoosha kidole juu, anatikisa kichwa, anasema tena, safari hii kwa mkazo, midomo inafunguka na kufumba mara nne. Anacheka kidogo. Anarudi kwenye kitambaa chake, mkasi mkononi, chaki ya kushonea ameibana nyuma ya sikio.

Spika nimezipandisha hadi mwisho na sisikii chochote.

Niliishi na picha ile kwa wiki tatu. Kipande hicho cha sekunde chache nilikirudisha nyuma mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mkanda wa umri ule, maana kila unapozunguka ndani ya deki unachakaa kidogo. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba ananiita mimi. Nilikuwa mtoto, nilikuwemo chumbani siku ile, na ukitaka sana, jina langu linaweza kusomeka kwenye midomo ya namna ile.

## Kwa nini nilipita njia ndefu

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Mkanda huu ni somo la kukata blauzi alilolirekodi kwa ajili ya wanafunzi wake. Ameshafariki, na katika ukoo mzima hakuna mahali pengine sauti yake ilipobaki.

Deki niliyonayo imekufa matundu ya nyuma, la njano la video na jeupe la sauti. Kilichobaki kizima ni tundu la antena. Deki za zamani hujifanya kituo kidogo cha televisheni: hutoa picha na sauti kwa masafa ya redio, kwa kawaida kwenye chaneli ya 36 ya UHF, yaani 591.25 MHz. Televisheni ya zamani ingelipata tangazo hilo bila taabu, lakini televisheni haihifadhi kitu. Nilihitaji tyuna, yaani kipokezi cha chaneli, iliyo ndani ya kompyuta.

Niseme mapema: kama deki yako ina matundu mazima, tafuta kile kifaa cha USB cha kunasa video, unganisha waya, umalize kazi jioni hiyohiyo. Siandiki haya ili mtu apite nilikopita.

Kadi nilikuwa nayo, imelala chini ya boksi la nyaya kwa miaka. Ni kadi ya televisheni ya kuchomeka ndani ya kompyuta, kwenye sloti ya PCI, ya zama za analogi. Diski iliyokuja nayo ilishapotea, na hata ingekuwepo, draiva yake, yaani programu inayoiendesha kadi, iliandikwa kwa toleo la mfumo endeshi ambalo walioutengeneza waliacha kulihudumia zamani. Kompyuta yangu ya mezani, ya zamani pia na yenye sloti za PCI, inatumia Linux. Nikachomeka kadi, nikawasha, nikaandika amri ya dmesg ili nione kerneli, yaani kiini cha Linux, imeona nini.

Kerneli ilikuwa imeona, na ilikuwa na la kusema.

## Malalamiko ndani ya kerneli

Watu wengi wanaotumia Linux hawajawahi kukutana na ujumbe huu, kwa hiyo nitaueleza polepole.

Draiva ya chipu za kadi kama yangu inaitwa saa7134. Iliandikwa na Gerd Knorr mwanzoni mwa miaka ya 2000. Inapoikuta kadi isiyojitambulisha, huwa haisemi tu kwamba kuna hitilafu. Inafungua alama ya malalamiko, kama mtu anayekuomba umvumilie kidogo atoe la moyoni. Kisha inakupongeza: aliyetengeneza kadi yako ameokoa senti chache kwa kutoweka EEPROM, ile chipu ndogo ya kumbukumbu, na kwa sababu hiyo kadi haina kitambulisho, nami siwezi kuitambua mwenyewe. Inafunga alama ya malalamiko. Inasema sasa inajisikia afadhali. Halafu inakupa habari njema: unaweza kuitajia wewe mwenyewe kadi yako ni ipi, kwa namba, na orodha hii hapa.

Orodha ikaanza kumwagika kwenye terminali. Zaidi ya kadi 190, kila moja na namba yake na jina lake. Mwanzoni kabisa, namba 0: haijulikani.

Hiyo sifuri ndiyo iliyokuwa yangu.

Nilichomoa kadi nikaiweka chini ya taa. Kwa lenzi ya kukuzia nikaisoma chipu kubwa: SAA7130HL. Pembeni yake, kati ya vipingamizi viwili vidogo, niliona pedi nane za risasi zinang'aa, nne upande huu na nne upande ule, zimezungukwa na mstari mweupe uliochorwa kuonyesha mahali pa chipu ndogo. Hapakuwa na chipu. Aliyeichora bodi alikuwa ameitengea nafasi, akachora hadi mipaka yake. Aliyetoa idhini ya kutengeneza akaiacha nafasi wazi.

Kitambulisho ambacho kingekaa pale ni namba mbili, ya mtengenezaji na ya kadi yenyewe. Ni baiti nne.

Baiti nne tu, nami nimekaa wiki tatu.

## Chenga, halafu uso

Kadi ya analogi ina mambo mawili ambayo draiva lazima iyajue. Kwanza, bodi imeunganishwa vipi: picha inaingilia wapi, sauti inapita wapi. Hiyo ndiyo namba inayoandikwa card=. Pili, kile kiboksi cha bati chenye tundu la antena ni cha aina gani, maana kila aina ina namna yake ya kuambiwa ihame bendi. Hiyo ndiyo tuner=.

La pili lilikuwa jepesi, kwa sababu kiboksi kilikuwa na karatasi iliyobandikwa juu: FM1216ME MK3. Kwenye orodha ya tyuna hiyo ni namba 38. La kwanza sikuwa na pa kulisoma. Nikachukua namba ya kadi moja ambayo picha yake ilifanana na yangu, nikaiondoa draiva kwa modprobe -r, nikairudisha na namba zote mbili, nikaiambia tyuna iende 591.25. V4L2, yaani sehemu ya kerneli inayoshughulikia video, huhesabu masafa kwa vipande vya 62.5 kHz, kwa hiyo ndani kabisa ombi langu lilikuwa namba 9460. Sijui kwa nini namba hiyo imenikaa kichwani hivi.

Chenga zikajaa kioo kizima. Nikabonyeza kitufe cha kucheza mkanda.

Mistari ikatetemeka, ikalala, na meza ya shangazi ikatokea. Kitambaa cha bluu. Kiganja kinakilainisha kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, kama alivyokuwa akifanya hata kwenye shuka la kitanda. Nikainuka kwenye kiti.

Kisha akainua uso, akasema kitu, na nikagundua kwamba hakuna sauti.

## Wiki tatu

Sitaeleza kila nilichojaribu. Mengine nayaona aibu, na mengine yalikuwa kurudia yaleyale kwa matumaini mapya.

La kwanza nililojifunza ni kwamba SAA7130 haipitishi sauti kwenye basi ya PCI, yaani njia ya data kati ya kadi na kompyuta. Ndugu yake SAA7134 hupitisha, ikaonekana kwenye kompyuta kama kadi ya sauti. Hii ya bei nafuu inatoa sauti kwenye tundu dogo nyuma ya kadi, nawe unalaza waya mfupi hadi tundu la kuingiza sauti la kompyuta. Nikalaza waya. Kimya. Nikafungua kila mlango wa mikisa ya sauti. Kimya. Nikachomeka redio kwenye waya uleule, ikasikika vizuri.

La pili lilinipotezea siku nyingi zaidi, kwa sababu lilikuwa na mantiki. Katika televisheni ya analogi, sauti husafiri kwenye wimbi lake pembeni ya wimbi la picha, na umbali kati yao hutegemea mfumo: 5.5 MHz kwa PAL B/G, 6.0 MHz kwa PAL I. Tyuna ikisikiliza penye 5.5 wakati deki inatoa penye 6.0, utapata picha safi bila maneno. Hilo ni jibu zuri. Linaeleza kila nilichokiona. Nikabadilisha mfumo, nikabadilisha tena, nikahama chaneli za jirani, nikaandika majibu kwenye daftari kwa tarehe.

Mstari baada ya mstari, safu ya mwisho ya daftari ina neno moja: kimya.

Nilianza kujiuliza maswali mabaya. Je, mkanda wenyewe umepoteza sauti? Je, kadi imeungua upande huo miaka iliyopita, na nabembeleza maiti? Usiku mmoja nilikaa nikamtazama shangazi anakata mkono wa blauzi kutoka mwanzo hadi mwisho, dakika kumi na kitu, anaeleza kila hatua kwa watu wasiokuwepo, na nikajiambia kwamba picha inatosha. Familia nyingi hazina hata picha.

Haikutosha. Asubuhi yake niliandika barua kwa orodha ya baruapepe ya watunzaji wa draiva hizi, nikaeleza kila kitu, nikaambatisha picha ya bodi.

## Swali

Jibu lilikuja siku iliyofuata kutoka kwa mtu nisiyemjua, na halikuwa jibu bali swali.

Ni kimya kabisa, au kuna mvumo?

Nililisoma mara mbili. Nikaenda kuvaa vipokea sauti, nikawasha kadi bila mkanda, chenga zikiwa zimejaa kioo, nikafumba macho.

Kimya kabisa. Hakuna hata pumzi.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikiandika kwenye daftari wiki zote zile bila kukisikia. Tyuna inayosikiliza mahali pasipo sahihi kwa kawaida huleta kelele: shhhh ya chenga, mngurumo, mlio. Masafa yasiyo na kituo hayako kimya, yana fujo. Nilichokuwa nacho hakikuwa kukosa wimbi. Ulikuwa mlango uliofungwa. Sauti ilikuwa inafika, sawasawa na picha, na mahali fulani kati ya kiboksi cha bati na lile tundu dogo kulikuwa na kitu kilichoambiwa kisiipitishe.

Na aliyekiambia nilikuwa mimi, kwa ile namba niliyoichagua kwa kufananisha picha.

## Kuogopa kubahatisha

Nilirudi kwenye ile orodha ya kadi 190 na zaidi nikiwa na wazo la kuzijaribu zote. Si nyingi. Ningeandika skripti fupi, ingeondoa na kurudisha draiva usiku kucha.

Kilichonizuia ni kusoma msimbo wa draiva yenyewe. Katika faili la saa7134-core.c, jirani kabisa na yale malalamiko, kuna ujumbe wa pili. Huo hutolewa kwa kadi ambazo zina kitambulisho lakini hakimo kwenye orodha. Unasema unaweza kujaribu namba, ila kuna hatari kiasi, kwani unaweza kuiharibu kadi, na ni heri uulize kwanza.

Hatari yenyewe si hadithi. Chipu ina pini za kazi mbalimbali, zinazoitwa GPIO, na draiva ikishapewa namba ya kadi huamua pini zipi zisukume umeme nje na zipi zisikilize. Ukitaja namba isiyo yako, unaweza kuiamuru pini isukume mahali ambapo chipu nyingine nayo inasukuma. Kadi yangu haikuwa na thamani yoyote kwa mtu mwingine. Kwangu ilikuwa ndiyo kadi pekee iliyokwisha nionyesha ule uso.

Kwa hiyo niliacha kubahatisha. Nilichukua lenzi na multimita.

Karibu na tundu la sauti kulikuwa na chipu yenye miguu kumi na sita, imeandikwa 4052. Kwa anayefahamu elektroniki hilo ni jina la kawaida: ni swichi. Inapokea njia nne za sauti ya stirio na kuruhusu moja. Laini mbili huichagulia njia, na laini ya tatu huzuia zote kwa mpigo. SAA7130 haina uwezo wa kunyamazisha sauti yenyewe, ndiyo maana wachoraji wa bodi huweka swichi ya nje na kuiongoza kwa GPIO.

Nikagusa ncha moja ya multimita kwenye mguu wa laini ya kuzuia, na nyingine nikaitembeza kwenye miguu ya SAA7130, iliyosongamana kama meno ya kitana. Mkono ulikuwa unanitetemeka. Nilishusha pumzi, nikaegemeza kiwiko mezani, nikaendelea mguu kwa mguu nikihesabu kwa sauti.

Multimita ikalia.

Nikaandika. Nikarudia kwa laini ya pili, kisha ya kwanza. Jioni nilikuwa na mstari mmoja kwenye daftari: GPIO 13, 14 na 15.

Kuanzia hapo haikuwa bahati nasibu tena. Katika saa7134-cards.c kila kadi ina jedwali lake, na moja ya mistari yake, gpiomask, hutaja pini ambazo draiva inaruhusiwa kuzigusa. Biti za 13, 14 na 15, na hizo tu, zikiandikwa kwa namba za kompyuta ni 0xe000. Nikatafuta kadi yenye 0xe000.

Namba 3, FlyVIDEO2000. Jedwali lake lilisomeka kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya bega langu mchana kutwa: kwa televisheni, zote tatu sifuri, kwa redio, ya 13 iwake, kwa video ya waya, ya 14, na kwa kunyamazisha, ya 15.

Tyuna ya kadi ile ni tofauti na yangu, kwa hiyo hiyo nilipaswa kuitaja mwenyewe. Nikaandika:

modprobe saa7134 card=3 tuner=38

## Feni

Kwanza ilikuja shhhh. Sijawahi kufurahia kelele kama ile.

Nikabonyeza kucheza. Kukawa na mkwaruzo, kisha chumba, ile sauti ya chumba chenye watu kabla hawajazungumza, na kitambaa kinavutwa juu ya mbao. Mkasi unalala mezani. Halafu shangazi, kwa sauti nyembamba kuliko niliyokuwa nimeihifadhi kichwani:

"Zimeni hiyo feni, bwana. Inanipeperushia kitambaa. Feni!"

Kidole juu, kuelekea darini. Kichwa kinatikisika. Kicheko.

Hakuwa ananiita. Nililia hata hivyo, tena vizuri, kwa sababu sauti haikuwa ile niliyoikumbuka. Miaka yote nilikuwa nimembebea sauti nzito zaidi, labda ya mama, labda ya mtu mwingine kabisa. Kama ningeridhika na picha, ningeendelea kumsikia kwa sauti isiyo yake hadi mwisho.

## Senti chache

Nilidhani baada ya hapo nitalala. Badala yake, lile neno la draiva limenifuata kwa wiki kadhaa. Senti chache.

Simlaumu sana aliyeacha zile pedi wazi. Kadi ilikuja na diski, na diski ile ilikuwa na draiva iliyojua tayari kadi ni ipi, kwa hiyo kwake kitambulisho kilikuwa kimeandikwa mahali pawili na akafuta kimoja. Hesabu hiyo ni sahihi siku ya kuuza. Inaacha kuwa sahihi siku ambayo diski imepotea na mfumo wake umekufa. Kuanzia siku hiyo kitu kizima, ambacho kila mguu wake unafanya kazi, hakiwezi kusema kinaitwaje.

Lakini kinachonishika zaidi ni upande wa pili, orodha yenyewe.

Nilikuwa nikiiona kama orodha ya bidhaa. Sasa nimeona inavyojazwa. Nyaraka za draiva zinaeleza la kufanya kama kadi yako haimo: soma namba za chipu, angalia kristali ni ya 32.11 au 24.576 MHz, soma kiboksi cha tyuna, tafuta thamani za GPIO kwa kila mlango. Yaani yaleyale niliyoyafanya kwa lenzi na multimita. Kadi nyingi katika orodha ile hakuna kiwanda kilicholeta maelezo yake. Kuna mtu alikaa nayo mezani, akajaribu, akakosea, akaandika mistari ishirini, akaituma. Aliyeandika kwamba pini ya 15 inanyamazisha huenda hakuwahi kunifikiria. Alitaka tu televisheni yake isikike. Kazi yake ilinisubiri miaka yote hiyo ndani ya kila kerneli niliyowahi kuisakinisha, nami sikujua.

Nina shaka moja, na sitaificha. Kusubiri huko hakujiendeshi. Draiva ya bttv, kaka mkubwa wa hii, inayoendesha kadi za chipu za Bt848 na Bt878, ilikaribia kuondolewa kwenye kerneli kwa sababu ilikuwa imesimama juu ya mfumo wa zamani wa kuhifadhi fremu ambao watunzaji walitaka kuuondoa. Mwaka 2023 Deborah Brouwer aliiandika upya sehemu hiyo ili itumie mfumo wa sasa, na bttv ikabaki. Mtu mmoja akakaa na kadi za zamani, akazipima, akazihamishia nyumba mpya. Asingefanya hivyo, msimbo ungekuwepo bado kwenye historia, kila mtu akiruhusiwa kuusoma, na kadi zisingewaka. Kuwa huria kulimpa ruhusa ya kuingia. Jioni alizotumia zilikuwa zake.

Kwa hiyo nikimsikia mtu anasema kwamba programu huria haifi, nakosa amani. Nimeona inavyobaki hai.

Shaka nyingine ni ndogo, ila inanisumbua. Kadi yangu si FlyVIDEO2000. Kila nikiwasha kompyuta naiambia kerneli uongo unaofanya kazi. Nilimuuliza yule aliyeniandikia kama nitume mabadiliko ili kadi yangu nayo ipate mstari wake. Akanijibu kwa upole kwamba isingesaidia: bila EEPROM draiva haina cha kuitofautishia kadi hii na nyingine zisizo na jina, na namba mpya ingekuwa nakala ya namba 3. Ila akaomba nimpe maelezo ya ile bodi, chipu, tyuna, rangi, mahali 4052 ilipo, ayaweke kwenye kumbukumbu ya wazi, ili mwenye kadi kama hii siku moja akiona zile pedi nane apate pa kuanzia. Nilimwandikia kila kitu, na picha mbili za karibu.

## Mkanda wa pili

Mistari miwili iko sasa kwenye faili moja ndani ya /etc/modprobe.d, folda ya mipangilio ya draiva. Wa kwanza unaanza na alama ya reli (#) na unaeleza kwa Kiswahili kwa nini wa pili upo:

options saa7134 card=3 tuner=38

Faili hufutika siku mtu anaposakinisha mfumo upya, na huenda atakayefanya hivyo si mimi. Kwa hiyo kabla ya kufunga kompyuta nilichomoa kadi mara moja zaidi. Nikakata kipande cha karatasi ya kubandika, upana wa kucha, nikaandika kwa kalamu isiyofutika card=3 tuner=38, nikakibandika juu ya kiboksi cha tyuna, upande unaotazamana na zile pedi nane.

Kuna mikanda mingine mitatu kwenye mfuko aliotuachia. Mmoja umeandikwa kwa mwandiko wake: kola na vifungo. Nimeurudisha mwanzo taratibu kwa mkono, kwa kalamu iliyopachikwa kwenye gurudumu, na sasa hivi uko ndani ya deki.